Footwork ya Chicago: Muziki Uliokatwa kwa Kipimo cha Miguu

Haipiti muda kabla simu zetu hazijapokea video ya kijana anayechezesha miguu kwa kasi inayoyashinda macho, na kila inapodondoka kwenye kundi la WhatsApp ubishi huanza. Mmoja anasema hiyo ni breki dansi. Mwingine anasema ni hip hop tu, au video imekimbizwa kwa programu. Wa tatu anasema ule si muziki, ni kelele za kompyuta. Na hakosekani Mtanzania wa kusema kwamba Wamarekani wametuibia singeli. Agosti 2024, breki dansi ilipochezwa kwenye Olimpiki ya Paris, likaongezeka swali jingine: watu hawa wanahukumiwa kwa kipimo gani, na ni nani aliyesema huyu kashinda?

Maswali hayo yana majibu, na majibu yanaonekana vizuri zaidi ukishika dansi moja na kuifuata tangu chanzo chake. Nashika footwork, dansi ya ushindani iliyozaliwa upande wa kusini na wa magharibi wa jiji la Chicago, pamoja na muziki unaobeba jina hilohilo. Nimeichagua kwa sababu sijaona mahali pengine ambapo mchezaji na mtengeneza muziki wametegemeana waziwazi kiasi hiki. Muziki huu ulikatwa kwa kipimo cha miguu ya watu fulani, na ukiuondoa kwenye miguu hiyo unabaki na nusu ya kitu.

Tuanze na maneno, kwa sababu sehemu kubwa ya ubishi inatokana na watu kutumia neno moja kwa vitu tofauti.

Dansi za mtaani ni dansi zilizozaliwa nje ya shule za sanaa: uani, kwenye kumbi za disko, kwenye sherehe za mtaa, kwenye korido za shule. Zipo nyingi, na kila moja ina kwao. Breki dansi ilitoka Bronx, New York, katika miaka ya 1970. Mchezaji wake hushuka chini na kujizungusha kwa mgongo, mikono na kichwa. Locking ilitoka Los Angeles kwa Don Campbell. Popping ilitoka Fresno, California, kwa Boogaloo Sam na kundi lake la Electric Boogaloos. Krump ilizuka Los Angeles mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kila moja ina muziki wake na sheria zake, na aliyebobea katika moja anaweza kuwa mgeni kabisa katika nyingine. Ndiyo maana mashindano makubwa kama Juste Debout ya Ufaransa, yaliyoanza mwaka 2002, hutenganisha popping, locking, house na hip hop katika vitengo tofauti. Kuzibandika zote jina la hip hop kunafuta miji na watu waliozizaa.

Bato ni pambano la dansi. Watu wawili, au makundi mawili, hupokezana katikati ya duara la watazamaji. Mmoja akicheza mwenzake anamtazama na kutafuta pa kumjibu. Hakuna kugusana.

Muziki wa kielektroniki ni ule ambao sauti zake za msingi hutoka kwenye mashine: mashine ya ngoma, kinanda cha umeme, kifaa cha kukata vipande vya sauti na kuvirudia, na siku hizi kompyuta. Wanaosema "kompyuta imefanya kila kitu" wanasahau kwamba mashine haijui dundo likae wapi. Yupo mtu aliyeketi usiku kucha akihamisha dundo moja kushoto na kulia mpaka likakaa anapotaka.

Neno la mwisho ni mapigo kwa dakika, yaani kasi ya wimbo, na hili ni bora ulijaribu kwa mkono. Gonga meza mara mbili kila sekunde. Hayo ni mapigo 120 kwa dakika, mwendo wa house, muziki uliozaa huu tunaouzungumzia. Amapiano tunayoicheza harusini iko chini kidogo ya hapo, kwenye 110 na ushee. Sasa gonga mara nane ndani ya sekunde tatu. Umefika 160, kasi ya footwork. Ukiweza mara kumi ndani ya sekunde tatu uko kwenye 200, ambako singeli ndiyo kwanza inapasha moto. Zipo ngoma za singeli zinazofika 300, mara tano kila sekunde.

Chicago haikufika kwenye 160 kwa siku moja, na safari yenyewe inaanzia kwenye disko. Tarehe 12 Julai 1979, mtangazaji wa redio Steve Dahl aliwaalika mashabiki wa besiboli kwenye uwanja wa Comiskey Park, kusini mwa Chicago, wakija na santuri za disko ili zilipuliwe katikati ya mechi mbili. Zikalipuliwa. Watu wakavamia uwanja kwa maelfu, na mechi ya pili haikuchezwa kabisa. Huko nje disko ikaanza kuhesabiwa kuwa imekufa.

Kwenye klabu za watu weusi na Walatino haikufa. Frankie Knuckles, DJ aliyetoka New York, alikuwa akipiga tangu 1977 kwenye klabu iliyoitwa Warehouse, ambayo wateja wake wengi walikuwa weusi na Walatino wapenzi wa jinsia moja, watu waliokuwa na sehemu chache za kucheza kwa amani. Santuri mpya za disko zilipopungua, yeye na wenzake walizirefusha za zamani: wakakata kipande kizuri, wakakirudia, wakaongeza mdundo wa mashine chini yake. Watu wakauita muziki wa Warehouse, na jina likafupishwa kuwa house.

Vijana waliowasikiliza wakataka kutengeneza wa kwao, na hapa bahati ikaingia. Kampuni ya Roland ya Japani ilikuwa imeuza mashine ya ngoma iitwayo TR-808 kati ya 1980 na 1983. Wanamuziki wengi hawakuipenda kwa sababu ngoma zake hazikufanana na ngoma halisi, uzalishaji ukasimama, na mashine zilizotumika zikashuka bei. Kijana asiye na fedha ya kukodi bendi wala studio akaweza kuinunua. Besi yake nzito, inayovuma chini kabisa hadi unaisikia kifuani kabla ya masikioni, mpaka leo ndiyo uti wa mgongo wa footwork. Kwa hiyo anayesema muziki wa kielektroniki wa kuchezea ni mambo ya klabu za Ulaya aelewe kwamba Ulaya iliupokea. Sehemu kubwa ya msingi wake iliwekwa na watu weusi wa Chicago na wenzao wa Detroit.

Miaka ya 1990 house iliyobaki kwenye mitaa ya kusini na magharibi, na kwenye majengo ya nyumba za umma, ikawa kali zaidi na ya haraka zaidi. Maneno machache, mengi ya matusi, mashine ikiwa wazi bila mapambo. Waliiita ghetto house. Dance Mania, lebo ya kutoa muziki iliyokuwa chini ya Ray Barney aliyekuwa na duka la santuri upande wa magharibi, ilitoa kazi za DJ Deeon, DJ Milton, DJ Funk na wengine. Kasi ikapanda kuelekea 140, kisha 150, na jina likabadilika kuwa juke, muziki wa sherehe. Juke ilikuwa ya kila mtu: unaingia ukumbini, unacheza na mwenzako, unafurahi.

Lakini pembeni ya ukumbi huohuo kulikuwa na duara, na waliokuwa ndani yake hawakuja kufurahi tu.

Chicago ina utamaduni mkongwe wa makundi ya dansi yenye sare, mazoezi na nidhamu. Kila Agosti, tangu 1929, jamii ya watu weusi wa upande wa kusini hufanya gwaride la Bud Billiken, na makundi hayo hupita barabarani yakionyesha walichoandaa. Kundi moja lililolea wengi ni House-O-Matics, lililoanzishwa na Ronnie Sloan mwaka 1985. DJ RP Boo aliwapigia muziki. DJ Rashad na DJ Spinn, ambao baadaye walikuja kulibeba jina la footwork duniani, walianza kama madansa kabla ya kugusa mashine.

Hilo la mwisho ndilo jibu la "kwa nini muziki huu uko hivi". Waliotengeneza ngoma hizi walikuwa wameshasimama ndani ya duara na walijua kwa miguu yao wenyewe dansa anachoka wapi, anajificha wapi, na anabahatisha wapi. Dansa mzuri akisikia mdundo ulionyooka mara mbili tatu ameshaumaliza: anajua pigo linalofuata litaanguka wapi, anaweza kuwa na hatua zake zimepangwa kutoka nyumbani. Bato likikutanisha watu wa namna hiyo linapoteza ladha. Kwa hiyo DJ akaanza kuondoa. Aliondoa pigo lililotegemewa, akaongeza jingine pasipotegemewa, akakata sauti katikati. Alikuwa akijaribu ngoma mpya palepale kwenye bato huku akitazama miguu. Duara likichangamka, ngoma inaishi. Madansa wakisimama kama wanasubiri basi, anarudi nyumbani kuirekebisha. Wimbo wa RP Boo wa mwaka 1997, Baby Come On, hutajwa mara nyingi kama wa kwanza kuvuka kutoka juke kwenda kwenye kitu hiki kipya.

Tuuangalie mdundo wenyewe kwa karibu, kwa sababu anayedhani ni vurugu hajapata mtu wa kumhesabia.

Hesabu moja hadi nane kwa mwendo sawa, halafu urudie. Kwenye house ya kawaida, ngoma kubwa hupiga kwenye moja, tatu, tano na saba. Imenyooka, hata mtoto ataipigia makofi. Sasa hesabu nane zilezile, ila uzigawe hivi: moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, moja-mbili. Piga mguu chini kila unapotamka "moja". Umepiga mara tatu ndani ya nane, na nafasi kati ya mapigo si sawa: ndefu, ndefu, fupi. Mwili unavutwa mbele kama aliyekosa ngazi moja. Mgawanyo huo wa tatu-tatu-mbili si mgeni kwa sikio la Mwafrika, na kwenye footwork unasikika kila mara. Lakini prodyuza wa footwork haachi hapo. Ataurudia mara tatu, mara ya nne ataujaza mapigo mfululizo ya besi kama mvua ya mawe, kisha ataondoa ngoma zote abaki na kofi moja.

Juu ya hapo kuna ujanja unaowachanganya wasikilizaji wengi. Kofi, lile pigo kavu linaloufanya mwili uitike, mara nyingi huwekwa mbalimbali, kiasi kwamba ukilifuata peke yake unajikuta kwenye mwendo wa 80, nusu ya 160. Wimbo mmoja una kasi mbili kwa wakati mmoja: chini besi na haihati, yale matasa madogo ya ngoma, zinakimbia, juu kofi linatembea. Dansa anachagua apande ipi, na anaweza kubadilisha katikati ya hatua. Ukimwona ghafla amelegea, anateleza taratibu huku muziki ukiendelea kufoka, hajapotea. Ameshuka kwenye 80, na sekunde moja baadaye atapanda tena.

Kisha kuna sauti ya mtu. Maprodyuza hukata kipande kifupi cha wimbo wa soul, rap au jazi, pengine neno moja au nusu ya neno, na kukirudia mara kadhaa mfululizo mpaka maana ya neno inapungua na sauti yake inageuka kuwa ngoma nyingine. Anayesikia kwa mara ya kwanza hudhani mtambo umekwama. Kwa dansa, neno lile linalorudiwa ni kigingi cha kushikilia: mapigo mengine yanaweza kuhama yatakavyo, yeye anajua sauti ile itarudi. Rashad alikuwa fundi hasa wa hili. Alichukua vipande vyenye huzuni na upole, vinavyokaa vizuri kwenye 80, akaviweka juu ya ngoma za 160, na matokeo yake ni muziki unaoweza kukuliza na kukukimbiza kwa pamoja. Huo si wimbo uliokimbizwa kwa kubonyeza kitufe.

Na video pia haijakimbizwa. Pigo moja kwenye 160 huchukua chini ya nusu sekunde, na ndani yake dansa huweka hatua zaidi ya moja: kisigino, ncha ya kiatu, kuvuka mguu mmoja mbele ya mwingine, kurudi. Anayeweza hilo ameanza na hatua za msingi kwa mwendo wa polepole na kuzirudia kwa miezi na miaka. Hatua zina majina yanayojulikana, kama vile ghost, skate, dribble na erk and jerk, na mazoezi ya mwanzo ni kuzitoa moja moja zikiwa safi kabla ya kuziunganisha. Tazama pia kinachotokea kiunoni kwenda juu. Mabega yametulia, mikono inaning'inia ikisaidia kushika uzani, na uso mara nyingi hauonyeshi kitu. Anayeanza hutambulika haraka kwa sababu mwili mzima unahangaika. Aliyekomaa, miguu yake ndiyo inayosema yote.

Mwendo wa bato unakuwa hivi. Duara limefungwa, watu wamebanana, DJ anabadilisha ngoma bila kumwuliza mtu. Wa kwanza anaingia, kwa kawaida kwa muda mfupi tu. Hana haja ya kujaza kila pigo. Wengine hushinda kwa kuacha pigo lipite na kulipatia lile linalofuata, pale ambapo watazamaji wote walikuwa wamelisahau. Akitoka anamwachia mwenzake swali kwa mguu, na mwenzake akiingia lazima alijibu kabla ya kuleta la kwake. Ukija na mfululizo uliokariri nyumbani, duara linakushtukia, kwa sababu DJ amekata besi na wewe bado unapigapiga miguu kwenye besi isiyokuwepo.

Tumefika kwenye swali la hukumu. Nani anasema huyu kashinda?

Kwa Wasukuma jambo hili ni jepesi kueleweka. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vimeshindana kwa vizazi, na kwenye sherehe za Bulabo pale Bujora, nje kidogo ya jiji la Mwanza, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja huku watazamaji wakiwa huru kuhama kutoka upande huu kwenda ule. Kundi lililovuta watu limeshinda. Ndiyo sababu wachezaji huja na mbinu mpya kila mara, wengine wakiingia uwanjani na nyoka au nungunungu. Duara la footwork linakwenda kwa mantiki iyo hiyo, tofauti ni kwamba huku wanapokezana, na umati unapiga kura kwa kelele badala ya miguu. Yapo mabato yenye majaji, na yapo yenye dau la fedha, lakini hata jaji anatoka ndani ya jamii ileile na alishawahi kusimama pale. Kipimo hakijaandikwa, ila kipo: umeusikia muziki? Umekuja na kitu chako? Umemjibu mwenzako? Hatua zako ni safi?

Breki dansi ilipoingia Olimpiki haikuweza kutegemea kelele, kwa hiyo ikabidi kipimo kiandikwe. Kule Paris majaji tisa walitazama mambo matano yenye uzito sawa: ufundi, wingi wa hatua, utekelezaji, namna ya kuufuata muziki, na ubunifu. DJ ndiye aliyechagua wimbo, na mchezaji hakujua ni upi mpaka uliposikika. Ami wa Japani akachukua dhahabu ya wanawake, Phil Wizard wa Canada ya wanaume.

Kilichosambaa zaidi duniani, hata hivyo, ni Raygun wa Australia na ile "sifuri" yake. Wengi walielewa kwamba majaji walimpa alama sifuri, kana kwamba hakucheza chochote. Mfumo hauko hivyo. Jaji hampi mchezaji alama peke yake. Anawalinganisha wawili na kusema katika raundi hii nani kamzidi mwenzake. Kila bato la hatua ya makundi lilikuwa na raundi mbili, majaji tisa, jumla kura 18. Raygun alicheza mabato matatu na yote akapoteza 18 kwa 0. Maana yake ni kwamba hakuna jaji hata mmoja, katika raundi hata moja, aliyeona amemzidi mpinzani wake. Ni kipigo kizito, lakini mtu anaweza kucheza kwa kiwango cha kuridhisha na bado akapata sifuri iwapo kila mara aliyesimama mbele yake ni bora zaidi. Breki dansi haimo kwenye ratiba ya Los Angeles 2028, na wapo walioamini ni kwa sababu yake. Michezo ya kuongezwa huko ilishachaguliwa mwaka 2023, kabla hajapanda jukwaani Paris.

Turudi Chicago, kwa sababu kuna jambo linaloniuma katika historia ya footwork na ni haki lisemwe.

Mwaka 2010 lebo ya Kiingereza ya Planet Mu ilitoa mkusanyiko wa Bangs & Works, na kwa mara ya kwanza wasikilizaji wengi wa Ulaya wakasikia footwork. Mwaka 2013 Hyperdub ya London ikatoa Double Cup ya DJ Rashad, albamu ambayo mpaka leo hutajwa kila penye mazungumzo ya muziki huu. Rashad alifariki Aprili 2014 akiwa na miaka 34. Jlin, mwanamke wa Gary, Indiana, mji jirani na Chicago, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha chuma, alitoa albamu yake ya kwanza mwaka 2015, akaja kuandika muziki wa dansi ya Mwingereza Wayne McGregor, mbunifu wa dansi za jukwaani, na mwaka 2023 kazi yake iitwayo Perspective ilifika fainali ya Tuzo ya Pulitzer ya muziki. Hayo ni mafanikio makubwa na yanastahili.

Lakini santuri ilisafiri bila miguu. Msikilizaji wa London aliupokea muziki huu kwa spika za masikioni, akauona wa ajabu, wa kufikirisha, wa kukaa na kuuchambua. Matamasha yakamlipia DJ tiketi ya ndege. Madansa, ambao pasipo wao ngoma zile zisingekuwa na umbo lile, mara nyingi walibaki nyumbani. Mwaka 2014 baadhi yao, akiwemo Litebulb, waliunda kundi la The Era, na sehemu ya kazi waliyojipa ni hiyohiyo: kumrudisha dansa katikati ya habari, kufundisha watoto wa Chicago, kurekodi majina ya hatua na ya waliozibuni, kupanda majukwaani wakiwa wasanii na si mapambo ya nyuma ya DJ.

Kuhusu singeli sasa. Ni kweli kwamba ngoma za Dar es Salaam zilipoanza kutolewa nje na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, kuanzia mkusanyiko wa Sounds of Sisso mwaka 2017, waandishi wa Ulaya walizilinganisha haraka na footwork. Zote zina kasi, zote hukata na kurudia vipande, zote zimetengenezwa na vijana wa mitaa isiyopendelewa kwa vifaa vya bei ndogo. Hata hivyo hakuna aliyemwibia mwenzake. Singeli ilikua uswahilini, Manzese, Tandale, Mburahati, kutoka kwenye mchiriku na vinanda vyake vidogo na kutoka kwenye vipande vya taarabu vilivyokimbizwa, ikilelewa na vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha. Footwork ilitoka kwenye house na kwenye duara la bato. Kazi zake pia ni tofauti. Kwenye singeli mwenye kipaza sauti ndiye mfalme: Msaga Sumu, Man Fongo, Dulla Makabila, ndio wanaoamua sherehe iende wapi, na mdundo unawekwa umtumikie. Kwenye footwork sauti ya mtu imekatwakatwa makusudi ili nafasi ya msemaji iachwe wazi kwa ajili ya miguu.

Kinachofanana zaidi ni kilichotokea njiani. Mtaani kwetu singeli inajulikana kwa majina ya waimbaji. Huko Ulaya inajulikana zaidi kwa majina ya maprodyuza, kina Sisso, Jay Mitta na Duke, na ngoma nyingi husikilizwa bila maneno, na watu wasiowahi kuona kigodoro. Chicago walimwacha dansa nyuma, sisi tukamwacha mwimbaji.

Kwa anayetaka kuanza kuifahamu footwork, asianze na albamu. Atafute kwanza video za The Era, au za makundi ya dansi kwenye gwaride la Bud Billiken, azitazame bila sauti mara moja akifuata mguu mmoja tu. Kisha afungue sauti aangalie tena, akihesabu tatu-tatu-mbili. Double Cup aiweke baada ya hapo, na pale besi inapokatika ghafla atajua ni nani aliyekuwa akitegwa.